Za chenji au za kisandukuni? Sarafu za Kenya na Tanzania kwa anayeanza kukusanya

Mpwa wangu aliniletea swali hili siku ya Idi, kanzu bado mwilini, mfuko umemjaa sarafu za mkono wa Idi.

"Shikamoo mjomba. Nataka kukusanya sarafu. Nianze na hizi hizi, au nidundulize ninunue moja ya fedha, ile ya kifaru niliyoiona kwenye simu?"

Nilimwitikia marahaba, nikamwambia angoje. Njia zote mbili nimezipita, na zote mbili nimekosea. Sisi ni watu wa Tanga, nusu ya ukoo iko Mombasa, na mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga tunauvuka kwa harusi na kwa msiba. Chupa yangu ya kwanza ya sarafu ilikuwa na shilingi za pande zote mbili, zimechanganyika kama wageni wa shughuli. Kwa hiyo nitazilinganisha nchi mbili kwa pamoja: sarafu za mzunguko, yaani zile unazorudishiwa na konda, na sarafu za kumbukumbu, ambazo nyingine hazijawahi kununua hata andazi.

Seti mbili za mfukoni

Seti mpya ya Kenya ilizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 11 Desemba 2018. Ni sarafu nne: shilingi 1 ina twiga, 5 ina kifaru, 10 ina simba na 20 ina tembo. Upande wa pili ni nembo ya taifa. Hakuna uso wa mtu hata mmoja, na hilo si suala la mapambo. Ibara ya 231 ya Katiba ya 2010 inasema noti na sarafu zinaweza kubeba picha inayoiwakilisha Kenya au jambo lake, lakini zisibebe sura ya mtu yeyote. Kati ya Katiba na sarafu ilipita miaka minane, na katika miaka hiyo Mzee Jomo aliendelea kuzunguka sokoni kama kawaida.

Kwa Tanzania, seti inayolingana na hiyo ni ya sarafu zinazotembea kweli leo: 50 yenye kifaru na ndama wake, 100 yenye swala wanne wanaokimbia, 200 yenye simba dume na jike, na 500 yenye nyati. Upande wa kichwa kuna watu: Mwinyi kwenye 50, Nyerere kwenye 100, Karume kwenye 200 na tena kwenye 500.

Nne kwa nne. Seti ya Kenya inakugharimu shilingi 36 za Kenya, ya Tanzania shilingi 850 za Tanzania, na ukichoka nayo unainywea soda. Hakuna mkusanyo mwingine wenye hasara ndogo namna hii.

Ila seti hizi hazifanani tabia. Ya Kenya ni kama ndugu wa tumbo moja: mchoro wa mtindo mmoja, mwaka mmoja. Ukiwa na bahati unaikamilisha kabla ya adhuhuri kwa kupanda matatu mbili na kununua maji. Ya Tanzania ni nyumba iliyojengwa chumba baada ya chumba. Sarafu ya 100 ni ya miaka ya mwanzo ya 1990, ya 50 ilifuata 1996, ya 200 ikaja 1998, kisha kimya kirefu hadi 500 ilipotoka mwaka 2014. Ukizipanga mezani unaona hazikukusudiwa kukaa pamoja. Ya 50 ina pembe saba, nyingine ni za mviringo, na Karume wa 200 na Karume wa 500 utadhani wamechorwa na watu wasiojuana.

Hiyo 500 inastahili kutazamwa kwa makini kidogo. Ilitolewa ili kushika nafasi ya noti ya jero, ambayo ilikuwa inachakaa haraka mno. Noti ndogo ndiyo inayolala kwenye jasho la kila mtu, kutoka kwa muuza mihogo hadi kwa dereva wa bajaji. Igeuze taratibu chini ya mwanga wa dirisha: kuna mahali panaonyesha 500, ukiinamisha panasoma BOT, yaani Bank of Tanzania, benki kuu. Mpwa wangu alikuwa ameishika sarafu hiyo mara mia na hajawahi kuliona. Dakika kumi nzima alikuwa mlangoni anaigeuza.

Kuna mchezo mmoja ninaoupenda: kuwatafuta wale wanyama wakubwa watano kwenye chenji. Kenya inakupa kifaru, simba na tembo. Tanzania inakupa kifaru, simba na nyati, na tembo ukimtaka utampata kwenye ile shilingi 20 ya zamani yenye pembe saba, ambayo siku hizi inaonekana kwenye droo za mabibi kuliko madukani. Chui hayumo katika seti yoyote kati ya hizi mbili. Hata kwenye sarafu kajificha.

Basi kipi ni bora kwa anayeanza? Kama ni mtoto, au mtu asiye na subira (mimi nimo), aanze na Kenya ya 2018. Kukamilisha kitu kunatia hamu ya kuendelea. Kama ni mtu anayefurahia kutafuta kuliko kupata, Tanzania itamkeshesha. Sarafu za 50 na 100 zilizo safi, ambazo hazijakwaruzwa na miaka ya kurushwa kwenye makopo, ni kazi kweli kuzipata. Mimi 50 yangu nzuri nilipewa na mzee wa kahawa. Mtu anayeuza kahawa kwa vikombe vidogo vya kugonganisha anashika sarafu nyingi kwa jioni moja kuliko keshia wa benki. Msalimie, nunua kikombe na kashata, kisha mwombe akuonyeshe kopo lake. Sijawahi kunyimwa.

Kenya ina utamu mwingine: nyuso zinazobadilika. Sarafu za kwanza za 1966 zina Jomo Kenyatta. Baada ya kufariki kwake 1978 akaja Moi, na ndani ya enzi yake zikaja zile za rangi mbili, kumi ikitangulia mwaka 1994. Mwaka 2005 Jomo akarudi. Kisha 2018 wanyama wakawaondoa watu wote. Noti ya zamani ya elfu moja ndiyo iliyofutwa mwishoni mwa Septemba 2019, sarafu za zamani hazikuguswa. Kwa hiyo unaweza kupewa chenji ya shilingi 30 Mombasa, na katika kiganja kimoja ukawa na Moi, Jomo na simba. Kwa mtu anayependa siasa za nchi kuliko urembo wa chuma, huo ndio mkusanyo: shilingi kumi tatu, marais wawili na mnyama mmoja.

Kumbukumbu zilizoshuka sokoni

Watu wengi husema "za mzunguko" na "za kumbukumbu" kana kwamba kuna ukuta katikati. Hakuna. Zipo sarafu zilizotengenezwa kuadhimisha jambo, kisha zikaachiwa zitumike, na kwangu hizi ndizo chaguo la busara zaidi kwa mtu aliyemaliza seti ya kwanza na bado hana hela za kuchezea.

Ya Kenya ni shilingi 40 ya mwaka 2003, ya miaka 40 ya uhuru, rangi mbili, yenye uso wa Mwai Kibaki. Ni sarafu ya kawaida iliyombeba Kibaki, jambo lisilojirudia kwenye 1, 5, 10 wala 20. Na nani aliwahi kuhitaji shilingi arobaini kamili? Nauli si arobaini, mkate si arobaini. Wengi waliipokea, wakaicheka, wakaitia kabatini. Ndiyo maana zilizobaki mara nyingi ni nzuri, hazijachakaa.

Ya Tanzania ni shilingi 20 ya mwaka 1981, ya miaka 20 ya uhuru. Hii ni kubwa, nzito mkononi, ya wakati ambapo shilingi ishirini zilikuwa hela. Ndiyo tofauti yake na ile ya Kenya: iliweza kununua kitu, ikatumika, ikachakaa. Ukikuta iliyo safi usiiache. Ukikuta iliyochakaa, fikiria kabla ya kuidharau, maana ilikuwapo kwenye foleni za sukari za miaka ile.

Kati ya hizi mbili naichagua ya 1981, na sababu si ya kitaalamu. Arobaini ya Kibaki ni rahisi kuitafuta kwa sababu wenyewe wanajua wanayo. Ishirini ya 1981 watu hawajui kama wanayo. Niliipata kwenye kikopo cha vifungo cha bibi yangu mkuu, pamoja na dala mbili za pembe kumi, ile shilingi tano ya miaka ya 1970 ambayo wengi wanasema ndiyo iliyozaa jina la daladala, kwa kuwa nauli ilikuwa dala. Kikopo kile kilikuwa juu ya kabati kwa miaka thelathini na hakuna aliyekifungua ila kutafuta kifungo cha shati.

Za kisandukuni

Sasa kwenye lile swali lenyewe la mpwa wangu, kifaru wa fedha.

Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu tatu katika mpango wa kimataifa wa kuhifadhi wanyamapori: shilingi 25 ya fedha yenye twiga, shilingi 50 ya fedha yenye kifaru, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Ni kazi nzuri. Kifaru yule anaonekana anapumua. Lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya soko la Ngamiani wala la Kariakoo. Zilikusudiwa wakusanyaji, nyingi zilienda nje, na leo ukiitaka unainunua kutoka nje, kwa bei ya nje, pamoja na posta.

Kenya ilikuwa imetangulia kwa dhahabu. Mwaka 1966 zilitoka za shilingi 100, 250 na 500 kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Kenyatta. Kwa anayeanza, hizo ni za kutazama tu. Tanzania nayo mwaka 2011 ilitoa sarafu ya fedha ya shilingi 50,000 kwa miaka 50 ya uhuru. Hiyo angalau mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kuiota.

Kabla hujanunua yoyote ya namna hii, lugha yetu yenyewe inahitaji tahadhari. Fedha ni madini, na fedha ni pesa. Muuzaji akikwambia "hii ni sarafu ya fedha" hajasema uongo hata kama ni ya chuma. Muulize: fedha kiasi gani katika sehemu elfu? Zile za 1974 zilitoka kwa namna mbili. Za kawaida zina fedha 500 katika elfu, yaani nusu. Zile zilizopigwa kwa ung'arisho wa kioo zina 925, na kwa twiga uzito wake ni gramu 28.28. Picha ni ile ile, mwaka ni ule ule, thamani ya madini inakaribia kutofautiana mara mbili. Wapo wanaouza ya 500 kwa bei ya 925 kwa kutojua, na wapo wanaojua vizuri sana.

Mimi niliuziwa kifaru. Muuzaji alikuwa na maneno matamu na kisanduku cha mahameli, nami nilikuwa na bahasha ya malimbikizo ya mshahara. Nilipofika nyumbani mwanangu akachomoa sumaku ya mlango wa friji, akaisogeza karibu, na kifaru akaruka kama anayekimbilia maji. Fedha haivutwi na sumaku. Hapo hapo nikajua. Sarafu ile ninayo bado, inazuia mlango wa kabati usifunguke.

Sumaku ni ya kuanzia, lakini bandia nyingine ni za shaba iliyopakwa fedha na sumaku haizigusi. Nenda kwa sonara unayemwamini, au fanya mwenyewe ukiwa na mzani mdogo wa gramu. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, urudishe kwenye sifuri, kisha itumbukize sarafu ikiwa imening'inizwa kwa uzi, isiguse chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Twiga wa gramu 28.28 mwenye fedha 925 atakupa takriban gramu 2.7. Ukipata 3.2, ni shaba yenye koti zuri.

Basi nani anunue za kisandukuni? Mtu anayetaka kitu kimoja kizuri cha kuacha kama urithi, mwenye akiba ambayo haitadaiwa na ada ya shule, na asiyehitaji kuiuza kesho. Kuuza ndiko kugumu. Tanga sijui duka litakalokupa bei ya mkusanyaji. Sonara atakupimia madini tu, twiga na mwaka wake hamhesabii.

Na usidhani dhahabu lazima iwe ya kumbukumbu ndipo iwe na hadhi. Sarafu ya dhahabu yenye kisa kikubwa kuliko zote katika nchi hii ilizaliwa na dhiki. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani waliozingirwa walipiga sarafu za rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na tembo mbele ya mlima. Hakuna aliyekuwa anaadhimisha chochote. Walikuwa wameishiwa na pesa.

Zenye jina la nchi zisizokanyaga nchi

Hapa nitapita haraka. Ukitafuta mtandaoni utaona tembo wa Somalia, wa fedha, mzuri ajabu, na wanyama wa Rwanda wenye thamani ya faranga 50, ambao walianza na sokwe wa milimani mwaka 2008. Zina uzito wa aunsi moja, gramu 31.1, na bei yake inapanda na kushuka na bei ya fedha duniani. Tembo wa Somalia anapigwa Munich, Ujerumani. Ukitaka kuweka akiba ya madini, ni bidhaa halali na safi, na ni rahisi kuiuza tena kuliko sarafu ya 1974. Ukitaka sarafu ya Somalia au ya Rwanda, hiyo siyo: muuza nyanya wa Kigali hajawahi kuipokea. Mimi sinunui, lakini simcheki anayenunua.

Chumvi ya bahari

Kwa sisi wa pwani kuna jambo moja linaloamua kuliko bei. Sarafu nyingi za sasa, Kenya na Tanzania, ni chuma kilichopakwa madini mengine. Koti likichubuka, hewa yetu ya chumvi inaingia na kutu inaanza kwenye ukingo. Ya fedha nayo inaingia weusi, ila weusi huo hauili. Kwa maana hiyo seti ya shilingi 36 inahitaji matunzo zaidi kuliko sarafu ya gharama kubwa, jambo ambalo wengi hulifanya kinyume.

Zishike kwa ukingo. Zihifadhi kwenye vibahasha vya karatasi au vifuko vya plastiki visivyo laini, maana ile plastiki laini inayonuka huacha utelezi wa kijani. Tia na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Na usisugue. Nilikuwa na senti ya Afrika Mashariki yenye tundu, ya enzi za mkoloni, rangi yake kahawia kama tende. Nikaisugua kwa ndimu na majivu ili niwaonyeshe wageni. Iling'aa siku mbili, kisha ikawa na madoa ya waridi kama mtu aliyetoka kwenye surua, na ndivyo ilivyo mpaka leo.

Nilimaliza kumweleza mpwa wangu hayo yote, biriani ikapoa. Akahesabu mkono wa Idi wake, akatenga 850 mezani: nyati, simba, swala, kifaru. Nyati alikuwa na mkwaruzo shingoni, akambadilisha kwa mdogo wake aliyekuwa na mpya, na ikabidi aongeze pipi. Zile nyingine akazirudisha mfukoni.

"Na kifaru wa fedha?" nikamuuliza.

"Huyo wa kwako anayezuia kabati," akasema, "nipe. Nitamweka karibu na huyu wa hamsini, niwe na wa kweli na wa uongo."

Wiki iliyopita mama yake alivuka kwenda Mombasa kwenye hitima. Kwenye orodha ya vitu vya kununua, chini ya khanga na kitunguu saumu, kulikuwa na mwandiko wa mtoto: twiga 1, kifaru 1, simba 1, tembo 1, ziwe safi, usizioshe.